Sahani za Wageni Wenye Mbwa

Wenzangu wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ili wanaoingia wapya wapate la kujifunza. Nilikuwa nimekusudia kuandika mambo mepesi: namna ya kukunja shuka, namna ya kusema na mgeni aliyeungua na jua. Kisha siku ya kuniaga mkanipa ile karatasi ya rangi mnayowagawia wageni, nikaisoma kitini huku mkikata keki. Imeandikwa kwamba tangu mwanzo nyumba hizi zimewapokea mbwa kwa mikono miwili, na kwamba sisi wafanyakazi, wenyeji wa huku Kwale, tunawapenda kama watoto wetu. Keki sikuila. Aliyeyaandika maneno yale hakuniuliza mimi wala hakumwuliza yeyote aliyekuwapo, na sisi tuliokuwapo tungali hai.

Basi naandika kwa hasira, mnisamehe. Habari za vyeo na mishahara siziweki humu, zimo kwenye faili la ofisini na haziwahusu. Nitasema jinsi nilivyoingia, nani alinifunza, na kilichotokea Krismasi ya mwaka wa tisini na nane.

Niliingia kazini nikitokea Msambweni, mwanamke mwenye watoto wawili wadogo na mume asiyekuwa na kazi. Nyumba za wageni zilikuwa sita, kama zilivyo hadi leo: kuta nyeupe, paa la makuti, sakafu nyekundu ya kupakwa nta, vitanda vya mbao vya nguzo nne na vyandarua vyeupe vilivyofika chini. Hapakuwa na televisheni. Mwenyewe, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa mgeni wa ng'ambo aliyeishi Diani miaka mingi, na alisema kwamba watu wenye macho hawahitaji televisheni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Alijua leta, toa, osha, haraka, na kwa miaka yote ile sikumsikia akisema pole.

Aliyenifunza kazi ni Bi Riziki. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mitano hivi, mtu wa maneno machache, mikono mikubwa, mwendo wa polepole ambao hata hivyo ulimaliza nyumba mbili kabla sijamaliza moja. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa fagio la chelewa za mnazi na kitambaa, akanipeleka nyumba ya tatu.

"Bisha hodi," akasema.

"Wageni wametoka, Bi Riziki. Nimewaona wakienda pwani."

"Bisha hodi. Chumba kina mwenyewe hata akiwa hayumo."

Nikabisha. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu, siku baada ya siku. Chandarua hukung'utwa nje, si ndani. Kitanda cha mgeni hukikalii hata ukiwa umechoka kiasi gani. Viatu vya mgeni unavipanga vikiangalia mlango, ili akishuka kitandani avae tu na kwenda. Kila godoro lina upande wake wa kichwa, na alivijua vichwa vya magodoro yote kumi na mawili. Mimi nilimwogopa kwa mwezi mmoja, kisha nikampenda, na sijapata kufanya kazi na mtu aliyemzidi.

Mbwa hawakuwapo wakati huo. Hili naliandika makusudi. Mbwa waliingia baada ya vurugu za Likoni za mwaka wa tisini na saba, wageni wa Ulaya walipoacha kuja, na baada ya mvua kubwa zilizofuata kuzikata barabara. Hoteli za jirani zilifungwa moja moja. Kwetu nyumba tano kati ya sita zilikaa tupu, tukawa tunapaka nta sakafu ambazo hakuna aliyezikanyaga. Madam hakutaka kufunga. Akafikiri, akaona kwamba kuna watu Nairobi wenye magari makubwa na mbwa wa nyumbani, ambao hawaendi likizo kwa sababu hakuna hoteli ya maana inayokubali mbwa. Akaamua yake iwe ya kwanza kukubali.

Tuliambiwa Jumatatu moja, tumesimama karibu na tangi la maji. Tulikuwa tisa, na saba kati yetu ni Waislamu.

"Sasa mbwa ni mgeni," Madam akasema. "Mbwa nalala ndani, mbwa nakula vizuri. Kila mtu nasikia?"

Tulisikia. Bi Riziki ndiye aliyesema kwa niaba yetu, kwa adabu zote. Aliomba vitu viwili: mbwa wawe na bakuli zao zisizochanganyika na vyombo vya watu, na pawe na bomba la kuoshea nje. Kwa wale kati yenu waliotoka bara, mate ya mbwa kwetu ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Si chuki. Mbwa ana uhai wake, ana haki ya maji na kivuli, na anayemtesa ana dhambi. Ni jambo la tohara tu, la kuweza kusimama ukasali. Bomba lilikuwa kazi ya siku moja kwa fundi yeyote wa Ukunda.

Madam alicheka. "Mbwa ya wageni yangu ni safi kuliko nyinyi," akasema, akaingia ndani.

Miaka imepita na neno lile bado nalisikia. Kuliko sisi. Sisi tuliooga alfajiri, tukatembea kwa miguu hadi pale, tukamfulia shuka na chupi zake.

Tukajitengenezea utaratibu wetu. Mmoja wa wale wawili wasiokuwa Waislamu alikuwa Musyoka, mtunza bustani. Familia yake ilitoka Ukambani ikapewa shamba huko Kikoneni, na yeye alizoea mbwa tangu utotoni. Alikuja mwenyewe jikoni, hakuna aliyemwita.

"Mama Riziki, hii maneno ya mbwa isiwasumbue," akasema. "Kwetu mbwa iko kila boma. Mimi nitaingia kwanza, nitoe bakuli, nitoe blanketi, nifagie nywele. Nikimaliza nyinyi mtaingia."

"Mungu akulipe, Musyoka. Na bustani?"

"Bustani haiendi mahali."

Ikawa hivyo. Musyoka aliingia kila nyumba yenye mbwa, kisha akaweka fagio lake limelala kizingitini kuonyesha kwamba pameshakuwa tayari. Bakuli za mbwa alizipaka rangi nyekundu chini. Bi Riziki naye alitufunza sisi wengine: kavu kwa kavu haina neno, mbwa mkavu akikugusa nguo kavu usiruke wala usipige kelele mbele ya mgeni. Tabu iko kwenye majimaji. Ikitokea chombo cha watu kimelambwa, chukua udongo mwekundu laini wa chini ya migomba, kule nyuma ya jiko, uchanganye na maji hadi uwe uji mwepesi, ukipake kwa kiganja, usisugue. Halafu maji mara sita. Na chombo kitoke kizima. Hilo alilirudia sana, kwamba tohara haivunji mali ya mtu.

Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima, na nyumba zikajaa. Wageni wengine walikuwa watu wazuri. Madam mwenyewe alijipatia mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga akampa jina la Bwana, ikawa kila akimwita askari wa getini anageuka. Akaagiza pia sahani mpya, seti kubwa ya kauri iliyopakwa rangi ya kijani na buluu na kung'aa kama iliyolowa. Alizipenda kuliko kitu chochote pale. Alizipanga mezani kwa mkono wake na kutukataza kuzibeba zaidi ya nne kwa safari.

Sasa nije kwenye ile Krismasi. Desturi yetu, ambayo nasikia mnayo hadi leo, ilikuwa kubadilishana: Wakristo wanakwenda nyumbani Krismasi na Waislamu tunabaki, Idi tunakwenda sisi na wao wanabaki. Mwaka ule Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Musyoka alikwenda Kikoneni kwa watoto wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba pamoja na Musyoka kulikuwa kunaondoka mkono wa pekee uliogusa vyombo vya mbwa. Ndivyo watu werevu wanavyokosea, kwa kuzoea.

Nyumba ya kwanza na ya sita zilikuwamo familia mbili kutoka Nairobi, marafiki, na mbwa wao watatu. Nyumba ya pili alikuwamo daktari wa Mombasa na mkewe na watoto, Waislamu, waliofunga kama sisi. Jamaa wa Nairobi walikula chakula cha mchana pamoja barazani. Walipomaliza, mmoja wao akaziweka sahani zote chini sakafuni, mabaki na mchuzi na mifupa, akawaita mbwa. Wakalamba mpaka zikang'aa. Nilikuwa nimesimama pale na trei.

"Tumewasaidia kuosha," yule bwana akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, na wenzake wakacheka.

Nilikuwa nimefunga, jua la saa nane, kichwa kinanigonga. Niliziokota sahani ishirini na nne, nne kwa safari kama tulivyoamriwa, nikazitia kwenye sinki la jiko kwa sababu hapakuwa na sinki jingine. Humo mlikuwa tayari na sahani na vijiko vya nyumba zote. Bi Riziki alipoingia alitazama sinki, akanitazama mimi.

"Zimelambwa?"

"Zote, Bi Riziki."

"Na maji haya yamekwishachanganyika." Alifikiri kidogo. "Daktari wa nyumba ya pili atafuturu kwa sahani hizi. Ni mgeni wetu, hana habari, ameweka imani yake mikononi mwetu. Haiwezekani. Nenda kaniletee udongo."

Naeleza sasa kosa langu, na ninawaomba mlisome polepole. Migomba ilikuwa nyuma ya bustani, mwendo wa dakika tano, na udongo wake ulitaka kuchujwa mawe. Ufukwe ulikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa jiko. Saa zilikuwa zinakwenda, vyombo karibu sitini, magharibi haingoji mtu. Nikachota ndoo mbili za mchanga mweupe wa pwani. Mchanga ule si udongo. Ni matumbawe yaliyosagika, una makali usiyoyaona.

Bi Riziki alikuwa anasuuza vijiko, mgongo umenielekea. Nilianza mimi, tena nilisugua, kwa hasira ya yule bwana na kicheko chake. Alipogeuka nilikuwa nimemaliza nusu. Akatia kidole ndani ya ndoo, akausaga mchanga kwa gumba. Kisha akasema, "Basi tumalize, adhana i karibu," akachukua zilizobaki, yeye kwa kiganja, taratibu, na maji mara sita. Daktari alifuturu kwa sahani safi na hakujua lolote. Kwa jambo hilo sijutii mpaka leo.

Asubuhi Madam aliinua sahani moja dirishani. Mng'aro haukuwapo. Rangi ilikuwa imefifia ikawa kama kioo kilichopigwa na mvuke, na ndani yake mistari midogo elfu moja. Alitukusanya kwenye uwanja wa jiko, sote, na yule mbwa Bwana amelala miguuni pake.

"Nani nafanya hii?"

Bi Riziki akatoka mbele. "Mimi, Madam. Zililambwa na mbwa. Dini yetu inatutaka tuzioshe kwa udongo. Udongo haukuwa wenyewe, hapo tumekosea, na ninaomba radhi."

Alisema tumekosea. Madam hakusikia, na mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama safu ya pili, mchanga bado umo kwenye kucha zangu, nimezikunja ndani ya aproni. Niliwafikiria watoto wangu wawili. Kila mwoga ana watoto wawili wa kuwafikiria. Bi Riziki alikuwa na watano, na tena alikuwa mjane.

Madam alisema hiyo ilikuwa hujuma, kwamba Riziki alichukia mbwa tangu siku ya tangi, kwamba watu wa huku hawana shukrani. Akamwambia aondoke kabla ya saa nne. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Idi ifike. Nilimfuata hadi chumba cha kubadilishia nguo, nikasimama mlangoni. Alikunja sare yake, akaiweka juu ya rafu, akajifunga buibui.

"Nyumba ya tatu foronya hazijabadilishwa," akaniambia. "Na wageni wapya wanaingia adhuhuri."

Hayo tu. Musyoka aliporudi kutoka Kikoneni na kusikia, alikaa juu ya ndoo yake nyuma ya jiko. "Ningebaki," akasema. "Mama, mngeniambia nibaki." Sikumweleza kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa la mchanga wangu.

Ilipopata miezi minne wakaja watu wa jarida la mambo ya nyumba na mapambo, na makamera yao. Mwanamke mmoja kati yao aliingia jikoni kutafuta chombo cha kuwekea ndimu, akakuta zile sahani, ambazo Madam alikuwa amezishusha kwenye rafu ya chini tutumie sisi. Akapiga ukelele wa furaha. Aliziita kwa jina lao la kupendeza nisilolijua, akazipitisha vidole, akasema zinafanana na vioo vinavyookotwa ufukweni. Akazipiga picha juu ya meza, na samaki, na ua la mlangilangi. Madam alisimama kando anatabasamu, na alipoulizwa nani alizitengeneza hivi, akasema ni desturi ya wenyeji.

Desturi ya wenyeji. Nilikuwa na jagi la maji mkononi na nilihisi nitalivunja.

Siku ya pili akaniita. Alitaka seti yote iliyobaki kabatini, sahani za supu, za keki, vikombe, vyote visuguliwe vivyo hivyo kwa mchanga ule ule.

"Kazi hiyo ina mwenyewe," nikasema. "Ni Riziki."

"Riziki nani?"

Alisimama kweli akifikiri. Nilimwona akimtafuta kichwani. Miaka kumi na mmoja yule mama alimtandikia kitanda.

"Aa," akasema mwishowe. "Ile ya mchanga. Basi lete yeye, narudi kazi."

Nilikwenda Majoreni, kwa kaka yake Bi Riziki, alikohamia baada ya kukosa kazi. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa mkeka na chai, kwa sababu hakuwa mtu wa kumnyima mgeni. Alikuwa amekonda. Nikamwambia habari njema niliyoileta, kwamba anaitwa arudi.

"Kufanya nini?"

"Kusugua sahani kwa mchanga. Amezipenda."

Hakucheka. Alitoa chuya mbili tatu, akazitupa kando.

"Zimelambwa na mbwa, hizo anazotaka?"

"La."

"Basi mchanga wa nini?" Akaacha ungo. "Mwanamisi, mimi sikuosha vile ili zipendeze. Nilimwoshea yule daktari asile najisi akiwa kwetu. Kwa hilo nikaitwa mharibifu. Sasa nikaharibu kwa makusudi niitwe fundi?"

"Utarudi kazini, Bi Riziki. Watoto."

"Watoto wangu wanakula. Umemwambia kwamba tulikuwa wawili?"

Nilitazama chai.

"Bado," nikasema.

"Miezi minne." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Sikukutaja pale uwanjani kwa sababu niliona ni juu yako kujitaja. Nilingoja hadi nilipofika getini. Nenda kamwambie. Mimi sirudi, lakini asiseme kwamba Riziki alikuwa mwongo aliyefanya ubaya peke yake. Ukishamwambia, njoo tunywe chai ya kweli."

Asubuhi iliyofuata nilibisha hodi ofisini kwa Madam, nikaingia. Njia nzima nilikuwa nimejipanga. Nilijua nitafukuzwa, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu, na sare ya pili nilikuja nayo imefuliwa na kupigwa pasi ili niirudishe. Madam alikuwa akitazama picha za jarida na miwani yake.

"Riziki harudi," nikasema. "Na siku ile, Madam, tuliziosha wawili. Mchanga niliuleta mimi. Zilizochubuka zaidi nilizisugua mimi. Yeye alinificha, ukamfukuza kwa kosa langu."

Akainua macho. Nilingoja. Nilitaka akasirike, nawaapia, nilitaka anitukane na kunifukuza ili lile jambo lipate uzito wake hapa duniani. Akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta nyumba nzima.

"Kumbe ni wewe najua kufanya hii," akasema. "Haidhuru, haidhuru. Anza na zile za supu."

Niliishika ile sare mkononi. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na geti lilikuwa wazi pia. Majoreni sikurudi kuinywa ile chai, wala siku ile wala baadaye, kwa sababu nilikwenda ufukweni na ndoo mbili, nikaanza na zile za supu.